Futi Tisa kwa Kumi

Chumba ni futi tisa kwa kumi.
Kitanda, sita kwa sita.
Nyamweya aliipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti ya unga,
kando ya Barabara ya Ngong, vumbi la msumeno nyusini,
na fundi Mukhwana akiugonga ubao kwa kidole:
"Huu mvule, mzee, utakuzika."
Akalipa. Hata bei hakubishania.

Ngazi za Umoja zikakataa.
Orofa ya pili kitanda kikakwama penye kona,
nusu juu, nusu chini,
na Mama Nzilani wa nambari nane akapita chini yake na ndoo,
ameinama, akisema hongereni, hongereni sana,
huku macho yake yakijumlisha na kutoa:
bwana hamsini na saba, bibi hamsini na mbili,
uwanja wote huo wa nini?

Sikumjibu.
Miaka kumi na tisa nimelalia futi tatu,
ubavu mmoja ukutani,
hadi nyufa za plasta nikazipa majina.
Acheni nigeuke.

Mukhwana akaukata ubao wa kichwani
papo hapo ngazini, unga wa mvule ukamwagika hadi kwa bawabu,
na kitanda, kimekwisha kunyolewa, kikapita.

Kisha makabati.
Langu la plaiwudi, kioo chenye ufa,
nililonunua Gikomba nilipoanza upya.
Lake la mkangazi,
lililokuja na marehemu Kerubo siku ya harusi,
linalonukia kafuri hata likiwa tupu.

Tukasukuma.
Kitanda dirishani: milango ya kabati haifunguki.
Kitanda ukutani: kabati linafunguka, dirisha limezibwa.
Kitanda katikati: mtu hupita kama kaa, kwa ubavu,
na tumbo la Nyamweya halipiti kabisa.
Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani,
walisema wale ambao hawajapanga Umoja;
wetu ulifunguka kiganja kimoja, ukagonga godoro.

Saa tatu usiku tulikuwa tumekaa juu ya kitanda, watatu,
fundi katikati, tukila chapati zilizopoa,
miguu tumeikunja, maana sakafu ilikuwa imekwisha.
"Kabati moja life," Mukhwana akasema.

Nyamweya akalitazama lake. Akatazama dirisha.
Nikaufungua mlango wa mkangazi kadiri ulivyokubali
na upande wa ndani nikaona mistari ya penseli:
Nyaboke, Agosti. Nyaboke, Krismasi.
Momanyi, *amesimama kwa vidole, mwongo huyu.*
Mwandiko wa mtu asiye na haraka.

"Kata langu," nikasema.

Nyamweya si mtu wa asante. Alishika tochi,
stima zilipopotea, wala haikutikisika.
Plaiwudi haikulia sana.
La mkangazi likang'olewa milango, likavishwa leso,
na ule wenye mistari Mukhwana akaulaza,
akaupigilia misumari
pale ubao wa kichwani ulipokuwa.

Kwa hiyo watoto wa Kerubo sasa wamelala,
waliokuwa wamesimama miaka yote hiyo gizani:
wafupi upande wangu, warefu upande wake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nimekilalia. Kunguni hakuna.
Kuna Nyamweya, anayeingilia miguuni
kwa magoti, akiomba radhi kila usiku,
kuna nguo zangu ndani ya sanduku, uvunguni,
na kioo chenye ufa kinachosubiri msumari.
Nikinyoosha mkono gizani
unakwenda, unakwenda,
ndipo unamgusa.