Mtamba wa Kiwira

Nilikwenda Kiwira na daftari la kurasa themanini,
kalamu mbili (moja wino wake huganda kwa baridi)
na hesabu niliyolala nayo siku tisa:
bei ya mtamba, pumba, dawa ya kupe,
lita kwa siku, zidisha kwa siku mia tatu na tano,
toa za ndama,
toa za jirani asiyelipa.

Mvua ilikuwa ile ya Rungwe, hainyeshi wala haiachi.
Mzee Ambakisye akatoa wawili.

Wa kwanza mweusi, mabaka meupe,
mama yake lita kumi na sita, cheti kipo,
kimefungwa kwenye nailoni kisilowe.
Wa pili kahawia, kama chai iliyozidi majani,
mama yake lita tisa, cheti hakuna,
kuna neno la Ambakisye tu,
na neno la muuzaji halipimwi kwa debe.

Daftari likasema: mweusi.
Likasema bila kigugumizi, likapiga mstari chini.

Nikamshika mweusi ubavuni.
Hapa sijui niandikeje.
Mkono ulisita
kama mguu unavyosita gizani
ukitafuta ngazi ambayo haipo.
Pumzi sawa, macho sawa, pua imelowa inavyotakiwa.
Kitu fulani si sawa.
Nikapekua daftari kutafuta safu ya kitu fulani.
Sikuwa nimeichora.

Mimi huyu, mwenye stashahada ya uhasibu,
niliyemcheka mama yangu Sekela
alipolikataa shamba la Masoko
eti ardhi ile imenyamaza mno!
Hatukujua kamwe kama alikuwa sahihi:
aliyelinunua alihamia Tunduma,
shamba likaota mikaratusi.
Na moyo huohuo wa mama ndio uliomwamini
fundi mmoja wa Chunya,
akaondoka na mabati yetu arobaini.
Kwa hiyo msiniambie moyo haudanganyi.
Moyo hudanganya kwa sauti nzuri,
tarakimu kwa mwandiko mzuri.

Ambakisye akaingia ndani kunywa chai.
Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
nikauhoji mkono taratibu,
kama unavyomhoji mtoto
aliyeona jambo akakosa jina lake:
umeona nini?

Ukachelewa kujibu.
Unamkumbuka Asante, ng'ombe wa babu,
aliyekuwa akisimama hivi,
mguu wa nyuma wa kushoto akiutua
kama anayekanyaga kaa la moto?
Ulikuwa na miaka saba.
Ulikuwa ukimkanda kwa maji ya vuguvugu kila jioni
mpaka jioni ile walipokuambia usije zizini.

Basi haikuwa mizimu, haikuwa ndoto.
Ilikuwa hesabu ya zamani
iliyopoteza tarakimu zake
ikabaki na jibu.

Nikaomba mweusi atembezwe,
apande hadi kwenye migomba, ashuke.
Nikachora safu mpya, nikahesabu hatua.
Katika ishirini alichechemea mbili.
Labda tatu.
Labda ni jiwe. Labda ni utelezi.

Nilimchukua wa kahawia.

Huu ni mwaka wa pili.
Anatoa lita kumi, siku njema kumi na moja,
na kila Alhamisi huipiga ndoo teke
kwa sababu anayoijua mwenyewe.
Mweusi alinunuliwa na watu wa Katumba.
Wapo wanaosema anatoa kumi na nane.
Wapo wanaosema alichinjwa kabla hajazaa.
Katumba si mbali. Sijaenda kuuliza.

Daftari bado ninalo, limevimba kwa unyevu.
Safu ile nimeiandika jina: Mkono.
Siku nyingi hubaki tupu.
Siku nyingine naweka alama ya kuuliza,
navaa buti,
nakwenda kutazama tena.