Sikio Langu Liliniambia Tuko Sawa

Tulikuwa kumi na wanane bandani Jumanne ile,
ukimhesabu mbwa wa Meirion,
na birika lilikuwa likipiga mluzi bila mtu kulijali.
Barua ilibandikwa karibu na swichi ya taa:
klabu itoe maoni,
je, kila rubani wa ndege binafsi alazimishwe
kujifunza kuruka kwa kufuata vyombo peke yake,
macho yakiwa hayana kazi nje ya kioo?

Meirion Pugh alisimama, mikono ikinuka maziwa na dizeli.
Ndege yangu, alisema, ina umri kuliko mke wangu.
Naruka Jumapili kukiwa na jua, nikamwone dada yangu Kisiwa cha Man,
narudi kukamua.
Mnataka niuze ng'ombe wangapi
ili nifundishwe kuingia mahali nisipokuwa na haja napo?
Wingu si langu. Nikiliona, nageuka.
Tena mfundishe mtu kuogelea kidogo
uone kama hatakwenda kwenye kina.

Watu wakacheka. Wengine walitikisa vichwa, kwa kukubali.

Eluned hakucheka.
Miaka thelathini na mmoja anafundisha watu kuruka.
Alitoa mkobani ile kofia yake ya plastiki, yenye ukingo mrefu
unaoificha dunia yote isipokuwa mishale iliyo mbele yako,
akaiweka mezani katikati ya biskuti.
Alisema tu: Wingu halikuulizi kama ni lako.

Ndipo wakanigeukia mimi. Wanajua.
Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la mafuta nikiomba wasahau.

Machi, miaka minne nyuma, natoka Welshpool narudi Caernarfon,
utabiri umesema anga wazi.
Bonde likafungwa nyuma yangu kama mlango wa jokofu.
Weupe. Si weupe wa karatasi; ule wa ndani ya kope.
Mwenye macho haambiwi tazama,
nami nilikuwa nayo mawili, daktari kayapima wiki tatu kabla,
natazama kwa nguvu zangu zote
na hapana cha kutazamwa.

Sikio langu liliniambia tuko sawa.
Lilisema kwa upole, kama mtu anayekufunika blanketi.
Makalio yakaafiki. Tumbo likaafiki.
Mshale mmoja, mwembamba kama njiti ya kiberiti,
ukasema: Heledd, unaporomoka, unazunguka kulia.

Uchaguzi gani huo, mwili mzima dhidi ya njiti?

Sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilisikia vizuri mno; lilichosikia ndicho kilichokuwa uongo.
Nikauamini mshale. Sijui kwa nini.
Nilikuwa na saa tatu tu chini ya kofia ya Eluned,
saa nilizozichukia, moja nikaimaliza kwa kutapika.
Nikasawazisha mabawa
kwa mkono ulioapa kwamba naipindua ndege.
Nilitokea chini ya wingu juu ya malisho ya mtu,
karibu kiasi cha kusoma namba ya rangi mgongoni mwa kondoo.
Arobaini na moja. Hakuinua hata kichwa.

Niliwaeleza hayo. Meirion akaniuliza, bila ubaya wowote:
Na usingekuwa na hizo saa tatu, Heledd,
ungelifuata bonde mpaka kule ndani?
Au ungegeuka mapema, kama mimi?

Birika lilikuwa limekauka, linanuka chuma.
Natamani ningeweza kusema nilikuwa na jibu.

Eluned akaitisha kura.
Wanane wakanyoosha. Wanane wakakunja mikono.
Mbwa akajikuna.
Wote walikuwa wananitazama juu ya bega,
mahali fulani hewani,
nami nilihisi mkono wangu bado upo gotini.

Ilibidi nitazame ili nijue.