Saa Mia na Ishirini

Barua ya chuo ilisema hakuna shahada
pasipo saa mia na ishirini za huduma kwa taifa.
Nikazigawa kwa Jumamosi, nne nne,
kama mtu anavyopasua deni la dukani,
nikaona zitaisha kabla ya Ramadhani.

Buti nilizopewa ni namba tisa.
Mguu wangu ni wa tano.
Nikashindilia magazeti puani mwa buti
nikawa natembea juu ya habari za wiki iliyopita.

Saa kumi na mbili unusu, nyasi bado zina umande,
Sajini Munyoki anatupanga kwa urefu.
Bunduki zetu za mbao, kazi ya fundi vitanda wa Ngala;
yangu ina nakshi ndogo kwenye kitako,
yaelekea ilikusudiwa kulaza maharusi.
Mguu pande! Mguu sawa!
Nyuma, geuka!
Sote tukatazama bahari,
Shamsa Bakathir peke yake akatazama Sabaki.
"Wewe ndiye umemwona adui?" Sajini akauliza.
Tukacheka tumboni, nyuso zikabaki rasmi.

Baada ya gwaride, kazi.
Wavulana walipewa mitaro ya Maweni,
mimi nikapewa chaki na watu wazima,
banda la makuti nyuma ya kituo cha chanjo, Barani.
Kumi na mmoja. Mdogo wao ni rika la mama yangu.

Nilikuja na mada: Wajibu wa Raia.
Nikaiandika ubaoni, nikaipigia mstari.
Mbeyu, aliyekaa mlangoni na kuku wawili
waliofungwa miguu, wa kupelekwa sokoni baadaye,
akauliza hayo yanasemaje.
Nikamsomea.
"Nifundishe jina langu kwanza," akasema.
"Huyo raia tutamkuta njiani."

Kisha akainua dole gumba.
Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei:
hili lilishikwa na mkono wa mtu,
likachovywa wino, likabanwa kwenye karatasi.
Waliniambia ni karatasi ya mbolea.
Msimu uliofuata shamba lina seng'enge
na mkorosho wa mama uko upande wa pili.

Nilifuta Wajibu wa Raia kwa kiganja.

M ilimshinda.
Alianzia chini akapanda, akaanzia juu akashuka,
kila mara ikasimama kichwa chini, miguu juu.
"Hiyo ni W," nikamwambia.
"Nimeigeuza?"
"Umeigeuza."
"Si ndiyo kazi mnayofundishwa uwanjani?"

Karani wa chuo akawa anaandika: saa nne. Saa nne. Saa nne.
Daftari lake halikuwa na safu
ya siku B ilipoota matumbo yake mawili,
wala asubuhi Y ilipochanua tawi
banda zima likapiga vigelegele
hata muuguzi akatoka mbio, sindano mkononi.

Mara mbili sikwenda.
Shamsa alinitilia sahihi.
Sahihi yangu nyepesi kuigiza:
mkunjo mmoja na nukta.

Jumamosi ya thelathini walinipa cheti chenye mhuri unaong'aa.
Nikarudisha buti; magazeti ndani yamekuwa unga.
Mbeyu akauliza, "Wiki ijayo twaanza jina la baba?"
Nikasema ndiyo.

Kulikuwa na mtihani.
Kisha kulikuwa na Idi.
Kisha kulikuwa na aibu.

Mwezi wa sita, sokoni, karibu na wauza nyama,
ndoo nyeupe ya achari.
Juu ya kifuniko, kwa wino mzito, herufi tano,
zimebanwa kwa nguvu kama zinazoweza kutoroka:
WBEYU.
Mtoto wa kiume ndiye aliyekuwa akiuza.
Akanipimia ya shilingi ishirini.
Nikamuuliza, ndoo hii ya nani?
Akanitazama kwa huruma,
kama anayemtazama asiyejua kusoma.
"Si imeandikwa, dada. Hapo."