Kiasi na Asili

Mezani nina vitabu viwili vya wafu.
Cha kwanza kiliandikwa kwa unyoya wa bata bukini:
parokia ya Kallioniemi, mwaka wa njaa kuu,
watu waliposaga magome ya misonobari
wakayaita mkate.
Cha pili hakina kurasa. Kinawaka.
Kila asubuhi kinaniuliza nywila
kama mlinzi asiyejifunza sura yangu.

Mimi ni Irja Kuosmanen.
Nilihesabu wafu kwa mshahara wa serikali
miaka thelathini na minne.
Sasa nawahesabu bure.

Swali langu ni dogo:
mzee wa leo na mzee wa wakati ule,
nani alikuwa jirani zaidi na kaburi?
Nachora mstari, kama tulivyofundishwa shule.
Juu yake kiasi: waliokufa.
Chini yake asili: wote waliokuwapo kufa.

Mwaka wa njaa, waliovuka themanini
walikuwa kumi na mmoja.
Theluji ilipoyeyuka walibaki wanne.
Ardhi ilikuwa jiwe, sepetu zilivunjika mipini,
wakawalaza wale saba bandani, bega kwa bega,
kungoja udongo ulainike.

Mwaka jana, waliovuka themanini
walikuwa mia nne na kumi.
Wamekufa thelathini na tisa.

"Tunakwisha," aliniambia Taisto, mchimba makaburi,
akipangusa pua kwa glavu.
"Kengele haipumui.
Zamani wazee hawakuwa wakifa hivi."
Nikamjibu: zamani wazee hawakuwapo wa kufa.
Akanitazama
kana kwamba nimemtukana marehemu mama yake.

Lakini sijiamini sana.
Katika kitabu cha unyoya kila kikongwe
alikufa na sabini, na themanini, na tisini kamili.
Hakuna aliyekufa na sabini na saba.
Nani alijua alizaliwa lini?
Mchungaji aliuliza, jamaa wakakuna kichwa,
wakamtupia sifuri,
na mimi leo naigawanya sifuri ile
hadi nukta ya pili ya desimali,
kwa uso mkavu.

Ila mchungaji aliandika pembeni.
*Mjane Priita, kipofu, alijua zaburi zote.*
*Matti wa kinuni, mkali kwa mbwa, mpole kwa farasi.*
Na katika safu ya sababu, neno moja kwa wote: uzee.

Kitabu kinachowaka hakina pembeni.
Hakina hata majina; sheria imeyafuta.
Safu ya kumi na saba:
mwanamke, miaka themanini na mmoja, moyo, Novemba.
Nilishuka hadi ya ishirini, kisha nikarudi.
Novemba. Moyo. Themanini na mmoja.
Hilkka.
Birika langu la kahawa bado liko kwake,
lile la bluu, lenye ufa kwenye mdomo.

Husemwa kuishi kwingi kuona mengi.
Takwimu zangu zinaongeza: na kuzika wengi.
Kiwango cha vifo kimeshuka, naapa kimeshuka,
kwa kila mia, kwa kila umri, kwa kila namna ninavyokata,
na bado Ijumaa kwenye ukumbi wa kanisa
tulioketi kumi na wanne tumeketi watano,
na yule mama wa keki
bado anakata vipande kumi na vinne.

Desemba natimiza themanini.
Nitaingia kwenye jedwali langu mwenyewe,
chini ya mstari, kwenye asili,
nikiizidisha kidogo, nikiipendezesha hesabu.
Kila asubuhi nitakayoamka
nitakuwa nimeishusha sehemu ile kwa unywele.

Halafu siku moja kijana fulani mjini
atanipandisha juu.
Hatajua. Safu, umri, mwezi.

Nimechukua kalamu ya risasi.
Pembeni mwa kitabu cha zamani, palipobaki weupe,
chini ya Matti wa kinuni,
nimeandika, kinyume cha kanuni zote za makavazi:
*Hilkka. Alicheka kabla ya kumaliza kisa.
Hakurudisha birika.*