Doa Lisilofutika

Mihayo, fungua kinywa, geuzia uso mlangoni.
Macho yangu yamefundishwa na majani.
Misimu kumi na minne nimekaa sakafuni, bani likiwa bado na joto,
nachambua: hili la juu, hili la kati,
hili limeungua ukingoni,
hili lina doa.
Doa la vumbi huondoka kwa kidole.
Doa la ugonjwa unalisugua, linakutazama.

Nililiona siku uliyocheka.
Haikuwa siku ya kucheka: mteuzi ameyashusha daraja marobota yetu mawili,
kasema unyevu,
nawe ukacheka kama mtu anayetapika hasira,
mdomo wa chini ukageuka nje, mfuko uliopinduliwa.
Hapo, kwenye kikao cha ugoro wako,
ulipozoea kuuweka tangu ujana, alfajiri, kabla ya uji,
palikuwa na weupe.
Si weupe wa maziwa.
Weupe wa kidole kilichofua nguo kutwa nzima.

Ukasema ni magadi yameunguza.
Ukasema patapona penyewe.
Ukasema hapaumi, na kisichouma si ugonjwa.
Jani nalo, Mihayo, halijawahi kulia mkononi mwangu.

Wiki ya kwanza nilikupa maji ya chumvi, ukasukutua.
Ya pili nikapafuta kwa kitambaa safi. Pakabaki.
Ya tatu sikukuuliza tena.
Niliuza jogoo na vifaranga vyake vya ahadi,
nikakata tiketi mbili, Urambo mpaka Tabora.

Ulinuna hadi Usoke.
Baada ya Usoke ulianza kuogopa;
nilijua, maana ulinishika mkono mbele za watu.

Pale Kitete, tabibu wa kinywa aliitwa Nyanzala,
mdogo kuliko kitinda mimba wenu,
taa kaifunga kwenye paji la uso kama mchimbaji.
Hakuanza na doa. Alianza na meno, moja moja,
hili limetoboka, hili fizi imelikimbia,
nawe ukatulia kwa kusikia madogo.
Kisha akauvuta mdomo.
Akanyamaza.
Akaniuliza mimi, si wewe:
"Nani aliliona?"

Kinyama kadiri ya punje ya mtama
kikasafiri kwenda Mwanza bila sisi.
Siku kumi na tisa.
Siku hizo hukugusa ugoro,
wala ugali hukuugusa sana,
wala mimi.

*Bado si saratani.*
Bado: neno dogo lenye mlango pande mbili.
"Mmewahi," akasema Nyanzala. "Sasa msichelewe.
Kila baada ya miezi mitatu nikuone,
na kile kikopo nisikione kabisa."

Kikopo sasa kina misumari.
Kalunde, miaka saba, amekupa amri ya brashi;
mnasimama wawili kwenye mpapai, asubuhi na usiku,
mnatema povu, naye anakukagua:
juu, chini, nyuma, baba, usidanganye nyuma.
Na kile kijiko cha asali alichokuwa akilala nacho shavuni
umemnyang'anya wewe,
wewe ambaye hukuwahi kukatazika.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Na mdomo je?
Mdomo wa pembe atauchonga nani?

Shamba bado lina tumbaku.
Nalijua hilo. Ada ya Kalunde imo humo,
na bati linalotufunika.
Sina ubeti wa kulimaliza jambo hili;
nalala nalo upande wa ukutani.

Lakini Jumapili, Mihayo, kabla hujavaa shati,
njoo hapa mlangoni, penye jua.
Inua ulimi. Kushoto. Kulia.
Usicheke, utaficha fizi.
Tulia.
Nachambua.