Kwapani mwa Mgomba

Baba alilipwa kukaa juu ya msitu, mguu wazi.
Ndiyo kazi yenyewe. Anayecheka na acheke.
Jukwaa la mbao lilifungwa kwenye muhimbi mkubwa,
nyuma ya Ntandi, futi sitini toka ardhini,
naye suruali kaikunja hadi gotini,
mrija wa kioo mkononi, pamba ya kuuziba mdomoni.

Saa kumi na mbili na nusu, kima hupanda kulala,
mtoto kifuani kwa mamaye.
Saa moja kasorobo, wanakuja.

Si wale wa chumbani, wapiga zumari wa usiku kucha.
Huyu wa juu hana muda mrefu: giza likishika tu, basi,
mweusi, ana mistari ya fedha,
kazaliwa ndani ya tundu la mti,
katika maji ya mvua yasiyotosha kunawa kidole.
Ni jike. Dume hunyonya utamu wa maua,
hufa bila kesi na mtu.

"Usimpige," Baba alitufunza.
"Ukimpiga umepiga senti yangu."
Hutua. Huinamisha kichwa. Hapo ndipo mrija unamfunika,
kabla hajaonja.
Kisha daftari: saa, dakika, idadi.

Jumapili moja alitupangia maharage sakafuni.
Hili kima. Hili mbu wa juu, kamng'ata kima usingizini.
Kima hana habari, asubuhi ana njaa,
anashuka. Anashukia wapi?
Sote tukatazama mlangoni. Mgomba wetu
unaanza pale msitu unapokoma, hatua nne, nilizihesabu.
"Sasa mnyanyueni mgomba mkono," alisema,
nasi tukacheka, lakini kweli mgomba una kwapa:
pale jani linapoachana na shina
mvua huweka akiba yake,
na ndani ya akiba hiyo kuna mbu mwingine, mdogo,
hajawahi kupanda mti wala hana haja.
Anamngoja kima. Kisha anamngoja mpogoaji.
Harage la mwisho alilishika, hakuliweka chini.
Akalitia mfukoni.

Kufukuza kima ilikuwa zamu yangu.
Nilikuwa na debe bovu na kijiti.
Siku ile alikuja mmoja, jike, mwanawe mgongoni,
akakaa juu ya mkungu ulioiva
kama mgeni aliyekaribishwa.
Alimenya. Kweli alimenya, akampa mwana kwanza.
Sikupiga debe.

Mama alipogoa majani Jumatano ile,
akiinua mikono, kwapa kwa kwapa na migomba yake.
Jumanne iliyofuata alisema mgongo,
halafu kichwa, halafu hakusema.
Siku ya nne akapata nafuu, akaomba uji,
shangazi Katusabe akapiga vigelegele mapema mno.
Macho yakaiva.
Yakaiva manjano, na matapishi yakawa meusi
kama masalia ya kahawa.

Wauguzi walikuja na sindano kwa waliobaki.
Kadi yangu ninayo bado, imechanika kwenye mkunjo.
Sikumwambia mtu habari za debe.
Kima yule pia sikumwona tena;
nasikia nao huwa wagonjwa,
lakini wao hawana wa kuwaandikia siku.

Baba alipofariki, uzeeni, kwa mambo mengine,
nilipewa sanduku lake: koleo, miwani, daftari kumi na moja.
Nilitafuta usiku ule Mama alipokuwa amelala
na ukuta ndio uliokuwa ukimtazama.
Kumbe alikwenda kazini.
Alipanda ngazi zote.
Mwandiko ni ule ule, umenyooka, wa mtu wa hesabu:

Saa moja kasoro dakika kumi: wawili.
Saa moja kasoro dakika nane: mmoja.
Saa moja kasoro dakika tano: mmoja, mguu wa kushoto.
Huyu nimemwacha anywe.

Baada ya hapo hakuna kitu,
ukurasa mweupe, na duara dogo la kahawia
ambalo huenda ni chai.