Modemu ya Kijivu

Dukani kwa Hirji, mtaa wa Rindi,
modemu tatu zimepangwa juu ya kioo cha kaunta,
nami nimevaa koti, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Chukua hii, Mzee Kiwelu. Elfu hamsini na sita!"
Hirji anagonga boksi kwa ukucha.
Elfu hamsini na sita ya wapi, Hirji?
Waya wangu unatoka nguzo ya Kiboriloni,
unapita katikati ya mparachichi wa jirani,
umeungwa mara nne, mara moja kwa plasta ya hospitali.
Mwendo wa boksi ni wa boksi.

Ya pili ni kadi, ya kuzikwa ndani ya kompyuta.
Haina taa usoni, haina uso. Bei yake nzuri.
Lakini radi ya Aprili ikishuka na waya
itamuunguza mgeni pamoja na nyumba.
Hapana.

Ya tatu imeshatumika, kijivu, nzito kama tofali,
lebo imebanduka, taa saba nyekundu.
Elfu thelathini na tatu tu, asema Hirji, akiona haya kidogo.
"Iwashe niisikie."

Miaka ishirini na sita nilikaa stesheni ya Moshi
nikigonga nukta na vistari hadi Voi, hadi Tanga.
Karani mzuri ninamjua kwa sikio.
Mwenye pupa hutuma upesi, hujisifu upesi,
na mabehewa ya kahawa yanalala Korogwe.
Mzuri ni yule asiyeona aibu kusema:
sikusikia, rudia.

Nikamwachia Hirji saa yangu ya reli iwe rehani,
nikaibeba ya kijivu kikapuni, chini ya ndizi.

Usiku mvua ikashuka kutoka mlimani.
Ningekuwa na akili ningengoja asubuhi.
Nikachomeka. Ikapiga namba,
ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango,
ikakoroma, ikanyamaza.
Ngurumo. Laini ikajaa mchanga.
Taa ya nne ikazimika. Ndiyo basi, nikasema.
Ikawaka. Ikapunguza mwendo, ikainama:
rudia.
Rudia.
Nikajikuta ninagonga meza kwa kidole,
ninaisaidia.

Barua ya Ndeshi ikaingia kwa mafungu
kutoka Bergen, kama maji ya bomba ya Jumapili:
kuna theluji; amepata viatu;
chumba kina dirisha moja;
na goti lako, baba?

Mke wangu mlangoni, shuka begani:
"Umemaliza na simu? Nataka kumpigia Anaeli
kabla hajalala."
"Bado. Ndiyo kwanza ninajibu."
"Umekaa humo tangu saa ngapi? Wanahesabu kwa dakika hao."
"Sijui," nikasema. "Saa iko kwa Hirji."